TUANZE NA NDEGE NDOGO

Mazungumzo kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia



Leo hatuzungumzi juu ya mbegu wala mbuzi wa maziwa. Tunazungumza juu ya ndege. Msicheke kwanza. Ndege yenyewe ilikuwa ya mbao na kitambaa, na walioitengeneza walikuwa mafundi wa baiskeli. Tukifika mwisho mtaona kwamba habari hii inahusu mfuko wa kikundi.

Huko Dayton, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, walikuwako ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright. Baba yao alikuwa askofu wa kanisa la Kiprotestanti. Wao wenyewe hawakusoma chuo kikuu. Walikuwa na duka la kuuza na kutengeneza baiskeli, na pesa zao zilitoka hapo. Nia yao ilikuwa kutengeneza chombo cha kumbeba mtu hewani.

Je, walianza na injini? Hapana. Mwaka wa 1899 walitengeneza kishada, au tiara kama wasemavyo watu wa pwani. Kilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya lingine, yenye urefu wa mita 1.5 hivi kutoka ncha hadi ncha. Kati ya mabawa kulikuwa na vijiti vya kusimama na nyuzi zilizokazwa. Fundi yeyote aliyepiga kenchi za nyumba anajua kazi ya kuunganisha namna hiyo: kitu kinakuwa chepesi na bado kina nguvu. Wilbur alisimama chini ameshika vijiti viwili vyenye kamba nne. Akivuta hivi, mabawa yanajipinda na kishada kinainama upande mmoja. Akivuta vile, kinainama upande wa pili.

Swali lao lilikuwa moja tu: tunaweza kukiongoza? Kupaa bila kuongoza ni kutafuta kifo.

Hatua ya pili ilikuwa mwaka wa 1900. Walitengeneza chombo kikubwa zaidi, bado bila injini, wakakipeleka Kitty Hawk, mahali penye upepo na mchanga mwingi kwenye pwani ya bahari. Mara nyingi walikirusha kwa kamba bila mtu ndani. Mwaka wa 1901 wakaja na kingine kikubwa kuliko hicho, lakini kilibeba uzito mdogo kuliko hesabu ilivyosema. Walirudi nyumbani wamevunjika moyo.

Hapo ndipo tuwasikilize vizuri. Hesabu walizotumia ziliandikwa na wataalamu wa kuheshimika. Badala ya kunung'unika, walitengeneza sanduku la mbao lenye feni ya kupuliza upepo, wakajaribu humo mabawa madogo kama 200 ya maumbo mbalimbali, wakiandika kila matokeo. Wakajua hesabu za vitabuni hazikuwa sawa. Mwaka wa 1902 wakaunda chombo kipya kwa hesabu zao wenyewe, wakateleza nacho hewani mara mamia, wakijizoeza. Baada ya hayo yote ndipo wakaweka injini.

Tarehe 14 Desemba 1903 walijaribu, chombo kikaanguka na kuvunjika kidogo. Wakakitengeneza. Tarehe 17 Desemba, Orville alipaa kwa sekunde 12, akaenda mita 36 hivi. Siku hiyo hiyo, mara ya nne, Wilbur alikaa hewani sekunde 59 na kufika mita 260. Gharama ya kazi yao yote ya miaka hiyo haikufika dola 1,000.

Wakati huo huo kulikuwa na mtaalamu mkubwa, Samuel Langley. Serikali ya Marekani ilimpa dola 50,000. Naye alianza na ndege ndogo, na mwaka wa 1896 iliruka karibu kilomita moja bila mtu. Lakini kutoka hapo aliruka ngazi, akaenda moja kwa moja kwenye ndege kubwa yenye injini, na aliyeiendesha hakuwa amejizoeza hewani hata siku moja. Ilianguka mtoni tarehe 7 Oktoba 1903, na tena tarehe 8 Desemba. Mwendeshaji aliokolewa, lakini mradi ulikwisha.

Hata leo wako watu wanaotengeneza ndege ndogo za mbao na kuziongoza kwa redio kutoka chini. Kabla ya kuirusha, mtu huibeba kwa ncha za vidole chini ya mabawa aone kama inakaa sawa. Mkia ukizama, anaongeza uzito mbele. Kazi ya dakika mbili inaokoa kazi ya miezi.

Sasa turudi kwetu. Tumeona vikundi vikichukua mkopo, vikanunua vifaranga 500 kwa mara moja. Hakuna aliyewahi kufuga hata 20 kwa chakula cha dukani. Kideri kinaingia, chanjo haikutolewa, na baada ya mwezi mmoja banda ni tupu. Deni halifi na kuku. Mbuzi wa mdhamini anachukuliwa, majirani wanaacha kusalimiana, na watoto wa mama yule wanakaa nyumbani bila karo.

Kwa hiyo tunawaomba hivi. Fugeni kwanza vifaranga 30 kwa pesa za michango yenu. Andikeni kila kitu: chakula, dawa, waliokufa, mayai, pesa iliyoingia. Msikubali hesabu ya muuzaji wala ya afisa, hata ya sisi tunaosema hapa, mpaka muijaribu bandani kwenu. Halafu ongezeni hadi 100. Mkopo mkubwa uje wakati mnajua kuongoza.

Wafadhili si wabaya. Lakini pesa nyingi haziwezi kumfundisha mtu kazi ambayo hajaizoea. Bwana wetu naye alituuliza ni nani anayetaka kujenga mnara asikae kwanza na kuhesabu gharama.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Mradi wetu wa sasa tuliujaribu kwa udogo kabla ya kuukuza?
2. Ni hesabu gani tuliyopewa na watu wengine ambayo hatujaipima wenyewe?
3. Ukianguka kesho, ni mali ya nani itakayochukuliwa? Yeye anajua?