Hamu ya Sigara Inakuja, Inapita

(Maneno yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanachama, Baraka, teritware ya Fizi)



Nimeombwa kuzungumza juu ya kuacha sigara. Kuko waliocheka waliposikia. Wakasema, "Tumekimbia vita, tumerudi tukakuta nyumba zimeanguka na mashamba yana watu wengine, na wewe unatuletea habari ya sigara?" Swali hilo ni la haki. Nitalijibu kabla sijakaa.

Sikuja kumhukumu mtu. Wengi wenu hamukuanza kuvuta kwa starehe. Mwaka 1996 mulivuka ziwa, mukafika Kigoma, mukapelekwa Nyarugusu, wengine Lugufu. Kule kambini kazi kubwa ilikuwa kungoja. Kungoja posho, kungoja jina lisomwe, kungoja habari za waliobaki ng'ambo. Mtu aliyengoja miaka minane, tisa, alitafuta kitu cha kushika mkononi. Meli za kurudisha watu zilipoanza kutoka Kigoma kuja hapa Baraka mwezi wa Oktoba 2005, kila mtu alifunga mizigo yake, na tumbaku nayo ikapanda meli. Wazee wengi waliniambia hivi: vita niliiacha nyuma, kambi niliiacha nyuma, sigara imenifuata mpaka nyumbani.

Sasa, kwa nini ni vigumu kuiacha? Ndani ya tumbaku kuko kitu kinachoitwa nikotini. Ukivuta moshi, nikotini inaingia mapafuni, inapita katika damu na kufika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu. Inaleta utulivu kidogo, akili inachangamka. Lakini haikai. Baada ya muda inapungua mwilini, na ubongo uliozoea unaanza kudai. Mtu anakasirika bure, mikono haitulii, mawazo yanakimbia. Vijana wa kambini waliita hali hiyo arosto. Anawasha nyingine, anatulia, anasema, "Munaona? Sigara inanituliza." Tazameni vizuri. Sehemu kubwa ya usumbufu aliouzima ililetwa na sigara ile ya kwanza. Ni kama mtu anayekukopesha franka zako mwenyewe, halafu anakudai na riba.

Kuko muzee mmoja, mwanachama wetu, mvuvi wa ndagala. Ameniruhusu kusema habari zake bila jina. Alivuta zaidi ya miaka ishirini. Mara nyingi alijaribu kuacha, na kila mara alirudi siku ya tatu. Nikamuuliza, "Muzee, siku ya tatu kunakuwa nini?" Akanijibu, "Mwanangu, siku ya tatu naona hata samaki wananichukia."

Waganga wanasema jambo lile lile kwa maneno yao. Taabu ya kuacha inakuwa kali zaidi siku za kwanza, hasa ya pili na ya tatu. Baadaye inalegea polepole, na kwa watu wengi inapungua sana baada ya wiki mbili mpaka nne. Usingizi unasumbua, njaa inaongezeka, hasira ziko karibu, wengine wanakohoa zaidi kwa muda. Muzee wetu alikuwa anageuka kila mara karibu na kilele cha mlima, akidhani kupanda hakutakwisha. Hakuna aliyemwambia kwamba mbele kidogo kuko mteremko.

Na hamu yenyewe, ile inayokushika ghafla, ni kitu kifupi. Inapanda kama wimbi, inafika juu, inashuka. Mara nyingi ni dakika chache tu, tatu au tano, haifiki kumi. Na inashuka hata usipovuta. Hilo ndilo neno ningependa mutoke nalo hapa leo. Wengi wanafikiri hamu itazidi na kuzidi mpaka wavute au wapasuke. Haizidi hivyo. Inapita.

Muzee hakuniamini. Akasema atapima mwenyewe ziwani. Usiku hamu ilipomshika, alichukua kopo akaanza kukumba maji ya mtumbwi, akihesabu. Alipofika kopo la themanini na kitu, imeshuka. Baada ya saa moja ikarudi, akakumba tena. Wenzake walimwambia mtumbwi wake haujawahi kuwa mkavu namna ile. Alipita siku ya tatu, akapita wiki, na leo amemaliza mwaka.

Katika mafunzo yetu tunafundisha mambo manne ya kufanya hamu inapokuja. La kwanza, kuchelewesha: usiseme "sitavuta maisha yangu yote", sema "sitavuta sasa hivi", ngoja wimbi lipite. La pili, kuvuta pumzi ndefu, taratibu, mara kumi. La tatu, kunywa maji, kidogo kidogo, ukiyashika mdomoni. La nne, kufanya kitu kingine chenye kushughulisha mikono: kumenya mihogo, kushona wavu, kufuta moto yako vumbi. Mdomo ukidai, mpe karanga, kipande cha muwa au tangawizi. Musimpe ugoro wala tumbaku ya kutafuna, maana nikotini ni ile ile, umebadilisha mlango tu.

Jambo lingine: hamu ina saa zake na mahali pake. Kabla ya siku ya kuacha, jichunguze siku tatu. Anayejua kuandika aandike kila sigara: saa ngapi, wapi, na nani. Asiyeandika aweke kijiwe mfukoni kila anapowasha, na jioni avihesabu akikumbuka kila kimoja kilitoka wapi. Mutaona sigara nyingi zinakuja saa zile zile: pamoja na kahawa ya asubuhi, baada ya bugali, kwenye parkingi wamotari wakingoja abiria, usiku ziwani, na zaidi ya yote pamoja na pombe. Saa hizo ndizo za kubadilisha. Kama ulizoea kukaa kwenye kiti kile baada ya kula, simama, peleka sahani yako jikoni. Mama wa nyumbani atashangaa, lakini hatakasirika. Mwezi wa kwanza kaa mbali na kanyanga, kwa sababu glasi ya pili inasahau ahadi ya asubuhi. Ila yule anayekunywa sana kila siku, asiache pombe kwa ghafla bila kuonana na munganga. Kuacha sigara ghafla kunasumbua, lakini hakuna hatari kama hiyo.

Sisi tuliorudi tuko na hamu nyingine ambayo haitoki kwenye chakula wala kahawa. Inatoka kwenye habari. Risasi zimesikika milimani. Kesi ya shamba imesogezwa tena mwezi ujao. Ndugu aliyebaki Nyarugusu amepiga simu na kulia. Siku kama hizo watu waliokaa miezi sita bila kuvuta wanatuma mtoto dukani. Kwa hamu ya namna hiyo maji peke yake hayatoshi. Inahitaji mtu.

Ndiyo sababu tunapendekeza kuacha wawili wawili. Kila anayeacha achague mwenzake, awe anaacha pamoja naye au aliyeacha zamani. Sheria yao ni moja: kabla ya kuwasha, bisha mlango wa mwenzako au mupigie simu. Hata bipu inatosha, yeye ndiye atakayepiga. Mazungumzo yasihusu sigara kama hamutaki. Muongee habari ya shamba, ya mtoto, ya vita. Mukimaliza, dakika kumi zimekwisha kupita.

Na mtu akivuta moja baada ya wiki tatu? Anayejikwaa njiani akienda Mboko harudi Baraka kuanza safari upya. Anapangusa magoti na kuendelea. Mwenzake asimcheke wala asimtukane. Amuulize tu, "Ilikuwa saa ngapi, na ulikuwa wapi?" Jibu litawafundisha wote wawili. Watu wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kwanza.

Kuko dawa pia, kama bandiko la ngozi na ubani wa kutafuna zenye nikotini kidogo inayopunguzwa polepole. OMS, Shirika la Afya Duniani, iliziweka kwenye orodha ya dawa za lazima mwaka 2009. Huku kwetu hazipatikani kirahisi. Mwenye nafasi ya kuzipata amuulize munganga. Asiyezipata asivunjike moyo, wengi wameacha bila hizo.

Wazee wananiambia, "Nimevuta miaka thelathini, mapafu yameisha, niache ya nini?" Mwili hausemi hivyo. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo yanaanza kushuka. Baada ya saa 12, hewa ya sumu ya moshi imeshuka katika damu mpaka kawaida. Ndani ya wiki 2 mpaka 12 damu inatembea vizuri zaidi na mapafu yanafanya kazi vizuri zaidi. Baada ya mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa moyo ni karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa kansa ya mapafu nayo imeshuka karibu nusu. Anayeacha akiwa na miaka sitini anapata faida pia.

Na tusisahau kifua kikuu. Mvutaji yuko katika hatari zaidi ya kukipata na ya kufa nacho. Mtu anayekohoa zaidi ya wiki mbili, au anayetoa damu, asiseme "ni kikohozi cha sigara". Aende kituo cha afya kohozi lipimwe. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bure.

Moshi pia hauchagui. OMS inahesabu kwamba tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 duniani kila mwaka, na kati yao zaidi ya milioni 1 hawakuvuta wenyewe, walivuta moshi wa wenzao. Katika nyumba ya chumba kimoja, baba akivuta, wote wanavuta.

Tuongee na makuta kidogo. Tuseme sigara moja ni franka 100, kila mtu aweke bei ya kwake. Sigara 10 kwa siku ni franka 1.000. Kwa mwezi ni 30.000. Kwa mwaka ni 365.000. Wale muko kwenye AVEC munajua ni hisa ngapi hizo. Muzee wetu wa ndagala anaweka pesa za sigara kwenye kisanduku kila wiki, siku ile ile, kabla hazijapata kazi nyingine.

Sasa nijibu lile swali. Sigara inaingia wapi katika mambo ya watu waliorudi? Kesi nyingi za mashamba yetu hazina karatasi. Karatasi ziliungua, zingine hazikuwahi kuwako. Ushahidi uko kwa wazee: nani alipanda ule muembe, mpaka ulipita kwenye jiwe gani, baba wa nani alikubaliana na baba wa nani. Mbele ya chifu, neno la muzee ndilo linaloamua. Muzee akifa na kifua leo, anaondoka na mipaka ya shamba, na watoto wake watasimama mbele ya chifu bila shahidi. Wafadhili wetu munaosaidia usuluhishi wa ardhi, munaona sasa. Pumzi ya wazee hawa ni sehemu ya kazi hiyo hiyo.

Hatuombi pesa mpya. Tunaomba chama kikubali mambo matatu. Moja, kusivutwe ndani ya nyumba hii ya mikutano. Mbili, mwanachama asimtume mtoto kununua sigara, wala kumuwashia kwenye makaa jikoni, maana wengi walianza hivyo. Tatu, kila mkutano wa mwezi utoe dakika kumi na tano kwa wale wawili wawili, waeleze hamu iliwashika saa gani na walifanya nini.

Anayetaka kuanza, tukutane baada ya mkutano pale chini ya muembe. Aje na mwenzake, au aje peke yake tumtafutie. Tutachagua siku, si mbali zaidi ya wiki mbili. Muzee wetu wa ndagala atakuwepo pia, na kopo lake amelileta.