Keki ya Sagamoyo na Walaji Wake
Hotuba kwa walimu wa Kiswahili, wanafunzi wa sekondari na wawakilishi wa wafanyabiashara wa masoko



Walimu waliofundisha Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea iliyochapishwa mwaka wa 2015 na baadaye ikatahiniwa katika KCSE, wanalijua swali lisilokosa darasani: nani ameiharibu Sagamoyo? Jibu huja haraka. Ni Majoka. Amelifunga Soko la Chapakazi, anataka hoteli ijengwe hapo, na anayepinga anakiona cha mtema kuni. Jibu hilo lina alama zake kwenye mtihani. Hata hivyo ni nusu ya tamthilia tu, tena nusu iliyo rahisi.

Kea haanzii ofisini mwa Majoka. Anaanzia karakana, wanaume watatu wakichonga vinyago: Sudi, Boza na Kombe. Sherehe za miaka sitini ya uhuru zimekaribia. Kenga, mshauri wa kiongozi, anawapelekea keki. Sudi anaikataa, wenzake wanakula. Hapo hajapigwa mtu wala kufungwa. Ni kipande cha keki tu, lakini kuanzia hapo mtazamaji anaona jinsi utawala mbaya unavyopata watu wa kuushikilia. Asiya, mkewe Boza, ndiye Mamapima mwenye kuuza pombe haramu, na ndiye huyohuyo aliyepewa kazi ya kuoka keki za sherehe. Boza si katili. Ni fundi anayetafuta riziki, na kwa sababu hiyo ni vigumu kumcheka bila kujiuliza mtu angefanya nini akiwa na njaa.

Twende Mangweni, kwa Mamapima. Tunu na Sudi wanafika kuwaalika walevi kwenye mkutano wa kutetea soko. Ngurumo anawadhihaki. Kwake yeye, Sagamoyo iko shwari tangu soko lifungwe, na Tunu anadharauliwa kwa kuwa ni mwanamke. Riwaya ingeweza kumweka msimulizi hapo atuambie Ngurumo amekosea. Tamthilia haina mtu wa namna hiyo. Ngurumo anasema yake, wenzake wanacheka, na mtazamaji anaachiwa kazi ya kupima. Kea amewaamini wasomaji wake, jambo ambalo hotuba nyingi za majukwaani hazifanyi.

Gharama nayo haikufichwa. Tunu anavamiwa, anavunjwa mguu, kisha anarudi kwenye shughuli zake kwa magongo. Ashua, mkewe Sudi, ambaye huuza maembe sokoni, anatiwa ndani. Wajibu wa pamoja katika tamthilia hii hauna maana ya kila mtu kubeba mzigo sawa. Wachache wanaumia mapema kwa sababu wengi wamechelewa.

Mwishoni Majoka anaandaa siku yake kubwa na watu hawaendi. Wako kwenye lango la soko. Kingi, mkuu wa polisi, anaamriwa aufyatulie umma risasi naye anakataa. Kwa hiyo kigogo anaangushwa na mahudhurio: viti vyake vimebaki vitupu, na watu wamejaa kwingine.

Ndiyo maana kitabu hiki kinahusu serikali za kaunti moja kwa moja. Ibara ya 10 ya Katiba inataja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa, na Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti kuufanikisha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka wa 2012 inataka mkakati wa fedha wa kaunti uwasilishwe bungeni kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Maoni kuhusu choo cha soko, taa au uzoaji wa taka yana nguvu zaidi kabla ya tarehe hizo kuliko baada yake.

Wafanyabiashara wa Chapakazi walitozwa kodi na soko likabaki chafu. Mama mboga anayelipa ushuru kila asubuhi huku akiruka maji taka ana haki ya kuuliza pesa zake zimekwenda wapi. Ofisa anayezipokea ana wajibu wa kujibu kwa hesabu. Soda na nauli ya mkutano si jibu. Na tangazo la kikao likibandikwa jioni ya kuamkia kikao, kwa lugha ambayo wenye vibanda hawaisomi, viti vitupu havitakuwa kosa la wenye vibanda peke yao.

Sasa wanafunzi wataigiza onyesho la Mangweni. Ngurumo huchekesha sana. Aghalabu ukumbi mzima huwa upande wake kwa dakika kadhaa kabla mtu wa kwanza hajanyamaza.