Umati Ushangiliao Ndio Uchekao

Tarehe 22 Februari 2020, Mike Hughes, Mmarekani wa miaka 64, alijirusha angani kwa roketi ya mvuke aliyoiunda mwenyewe karibu na Barstow, California. Parachuti ilichomoka roketi ilipoanza tu kupaa. Akaanguka na kufa, kamera zikimtazama.

Wengi walioiona video hiyo walicheka, kwa kuwa Hughes alikuwa akidai dunia ni bapa. Msemaji wake alieleza baadaye kwamba dai hilo lilikuwa la kutafutia umaarufu.

Nasi huku magharibi mwa Kenya tusijitoe. Mei 2016, pale Bungoma, kijana alining'inia kwenye helikopta iliyoleta mwili wa mfanyabiashara Jacob Juma. Umati ulishangilia, akabandikwa jina la James Bond, akaanguka na kuumia. Alinusurika. Angekufa, walewale wangemwita mjinga.

Ubunifu si kosa. Mafundi wa jua kali wa Kibuye, mjini Kisumu, hushinda juani wakifua bati hadi liwe sanduku au jiko, nasi tunajivunia. Kosa ni kuugeuza uhai wa mtu kuwa tamasha. Hapa kwetu Ziwa Victoria, nahodha anayejaza abiria wasio na jaketi za kuokoa maisha husifiwa kuwa shujaa mpaka siku dhoruba itakapomkuta.

Husemwa ajali haina kinga, ila jaketi ni kinga, na ukaguzi pia. Ukimwona mwenzako akiichezea roho yake, usitoe simu kumrekodi. Mzuie.