Mwalimu wa Chekechea Kabla ya Januari

Wiki ya mwisho ya likizo, mwalimu wa chekechea hukosa usingizi. Anajua watoto wa PP1, wengi wa miaka 4, watafika wakilia, ila hajui watakuwa wangapi. Hofu hiyo haimaanishi kwamba hajui kazi.

Afike shuleni siku mbili mapema, afungue darasa, ahesabu viti na kupanga asubuhi ya kwanza tu. Upungufu aupeleke kwa mwalimu mkuu, asiubebe peke yake. Katiba ya 2010 iliipa kaunti elimu hii.

Mzazi naye amsajili mtoto kabla ya siku ya kufungua, aseme kama ana pumu. Foleni ya mlangoni humtisha mwalimu kuliko darasa lenyewe.