Jumapili Tunaimba, Jumatatu Tunafanya Nini?

(Hotuba ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, siku ya kutoa vyeti)



Kwanza nawapeni hongera. Wengi wenu mlipoanza darasa mlikuwa hamjui hata kushika kalamu. Leo mnasoma gazeti. Mnasoma barua za watoto wenu. Mnasoma mizani wakati wa kuuza mazao. Tena wengine mmeniambia kuwa kitabu cha kwanza mlichokisoma wenyewe nyumbani ni Biblia. Jambo hilo ni jema, nalo ndilo lililonifanya nichague mazungumzo ya leo.

Nataka tuzungumze juu ya sisi Wakristo. Kila Jumapili tunakwenda kanisani. Tunavaa nguo safi, tunaimba, tunapiga magoti. Lakini ikifika Jumatatu, matendo yetu hayafanani na nyimbo zetu.

Najua hapa tunao ndugu zetu Waislamu, na wapo wengine wasiofuata dini hizi. Sikuja kuhubiri. Mimi si padri wala mchungaji. Lakini mimi ni Mkristo, na mtu hufagia uwanja wake kwanza. Leo nafagia uwanja wangu. Mwenye uwanja mwingine akiona takataka zinafanana na zake, naye achukue ufagio.

Kujua si kutenda

Mnakumbuka tulivyojifunza darasani habari ya maji. Mtu amesoma kuwa maji ya bwawa yachemshwe. Anaweza hata kuliandika neno "chemsha" bila kosa. Halafu anarudi nyumbani anakunywa maji yale yale ya bwawa. Je, kusoma kwake kumemfaa nini? Ugonjwa wa kuhara haumwulizi mtu kama ana cheti.

Ndiyo maana tunasema kisomo kiwe chenye manufaa. Na imani nayo ni hivyo hivyo. Fungueni Waraka wa Yakobo, sura ya 2. Yakobo anawauliza waumini: mwenzako akija kwako na njaa, hana hata nguo, ukamtakia heri tu na kumwacha aende mikono mitupu, umemsaidia nini? Kwa Yakobo, imani isiyo na matendo ni kama maiti. Wahenga wetu nao walisema: maneno matupu hayavunji mfupa.

Sasa nitawaeleza kisa kimoja. Sitataja kijiji wala jina la mtu. Lakini mtu mmoja nitamtaja, maana aliyekosa katika kisa hiki ni mimi pia.

Karatasi ya shamba

Miaka zaidi ya kumi iliyopita nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu. Nilipangiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha migomba na kahawa. Jioni nilifundisha kisomo. Jumapili niliimba kwaya.

Siku moja alinijia mzee mmoja wa kanisa. Kaka yake alikuwa amefariki, akaacha mjane na watoto watatu. Mzee akaniambia, "Mwalimu, wewe una mwandiko mzuri. Niandikie karatasi. Shemeji yangu amekubali kunikabidhi shamba la marehemu nilitunze, liwe langu."

Nikaandika. Sikuuliza kitu. Huyu ni mzee wa kanisa, tena anasali vizuri kutushinda sote. Nimtilie shaka kwa lipi?

Mzee akaipeleka karatasi kwa yule mama. Mama alikuwa hajui kusoma. Akaambiwa kuwa ni karatasi ya kuwaandikisha watoto wapate msaada wa sare na madaftari. Akashukuru. Akaweka dole gumba.

Baada ya hapo hakuingia tena katika lile shamba. Akawa anakwenda kulima vibarua kwa watu ili watoto wale.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Mzee akaleta mbele ya madhabahu mikungu mitatu mikubwa ya ndizi. Hakuna aliyeleta mikubwa kama ile. Akasifiwa mbele ya waumini wote. Kwaya tukaimba kwa nguvu, tukapiga na makofi. Ndizi zile zilitoka katika shamba la mjane. Na mjane mwenyewe alikuwa amekaa benchi la mwisho na watoto wake. Hakuimba.

Mimi nilimwona. Moyo ukaniambia kuna jambo. Lakini nikajisemea, "Hayo ni mambo ya ukoo, mimi mgeni." Nikaendelea kuimba.

Mwaka uliofuata yule mama alijiunga na darasa langu la kisomo. Alikuwa na bidii sana. Jioni moja wenzake walipoondoka, alibaki. Akafungua pindo la kanga, akatoa nakala ya ile karatasi. Akaisoma mbele yangu pole pole, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Alipomaliza akaniangalia. Akasema, "Mwalimu, huu si mwandiko wako? Herufi hizi ndizo unazotuandikia ubaoni."

Jamani, siku hiyo sikupata jibu. Mkono uliomfundisha mama yule kusoma ndio uliomnyang'anya shamba.

Nahodha aliyesali juu ya watu waliofungwa minyororo

Usiku ule nilimkumbuka mtu mmoja ambaye habari zake nilizisoma chuoni. Ni Mwingereza, jina lake John Newton, aliyezaliwa mwaka 1725. Wakristo wengi duniani huimba wimbo wake juu ya neema ya Mungu.

Newton alikuwa baharia. Mwaka 1748 meli yake ilipigwa na dhoruba kali, ikakaribia kuzama. Akamwomba Mungu, akaokoka, akaanza kusali na kusoma Biblia. Sasa mtu angefikiri kuwa aliacha mambo mabaya siku ile ile. La! Baada ya hapo akawa nahodha wa meli za watumwa. Alitoka Liverpool, akaja pwani ya Afrika Magharibi, akanunua watu, akawapeleka kuuzwa katika visiwa vya Karibi. Jumapili aliwakusanya mabaharia wake akawasalisha. Juu ya meli watu wanasali. Chini ya mbao zile zile, watu wamefungwa minyororo.

Newton alijua kusoma na kuandika. Alikuwa na daftari la safari, na humo aliandika idadi ya watu aliowanunua na ya waliokufa njiani, kama mtu anavyoandika hesabu ya magunia. Aliacha ubaharia mwaka 1754 kwa sababu ya ugonjwa, si kwa sababu dhamiri ilimsuta. Mwaka 1764 akawa kasisi. Na mwaka 1788, miaka 34 baada ya kuacha bahari, ndipo alipoandika kijitabu cha kukiri hadharani uovu wa biashara ile na kwamba yeye alishiriki. Akatoa pia ushahidi mbele ya viongozi wa serikali yake. Mwaka 1807 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukataza biashara ya watumwa. Mwaka huo huo Newton akafariki.

Kwa nini nawaeleza habari za mtu wa mbali? Kwa sababu zinatufundisha mambo mawili. La kwanza, mtu anaweza kusali kweli, machozi yakamtoka, na bado mikono yake ikatenda dhuluma. Imani imeingia moyoni, lakini haijafika mikononi. La pili, njia ya kutoka ipo. Newton hakuomba msamaha chumbani peke yake akanyamaza. Alisema hadharani, akataja alichofanya, akasaidia kukomesha uovu ule. Lakini alichelewa sana. Ni watu wangapi waliuzwa katika miaka hiyo 34?

Mimi nilikuwa nimechelewa mwaka mzima. Nikaona nisichelewe zaidi.

Tulivyokwenda Barazani

Kesho yake nilimwendea yule mzee. Nikamwomba arudishe shamba. Alikasirika. Akasema namkosea heshima mtu mzima. Basi tukaenda na mama kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji.

Hapa wahitimu sikilizeni vizuri, maana ni faida yenu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Sheria hiyo imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, na watatu kati yao ni lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kuwasikiliza wenye mgogoro na kuwapatanisha.

Mbele ya Baraza nilisema wazi: karatasi nimeandika mimi, na mama sikumsomea. Mama naye akaisoma mwenyewe, kwa sauti. Watu walinyamaza kimya. Baada ya vikao vitatu mzee alikubali kurudisha shamba.

Lakini msifikiri mambo yaliisha vizuri yote. Mavuno ya nyuma hayakulipwa. Binti mkubwa wa yule mama alikuwa ameshaacha shule akaenda mjini kufanya kazi za ndani, na hakurudi tena darasani. Na kanisani je? Wenzangu wengi walinikasirikia mimi. Walisema, "Mwalimu ameliaibisha kanisa." Eh! Shamba la mjane lilipochukuliwa hakuna aliyesema kanisa limeaibika. Aibu ilionekana pale tu jambo liliposemwa.

Tunajifichaje?

Ndugu zangu, mnafiki si mtu dhaifu anayejaribu kutenda mema akaanguka. Huyo ni mwanadamu, sote tuko hivyo. Mnafiki ni yule anayetumia dini kama nguo ya kufunika kosa. Yesu mwenyewe aliwaonya watu wa namna hiyo. Someni Marko sura ya 12. Aliwasema wakuu wa dini waliokuwa wakisali sala ndefu, huku wakila mali ya wajane.

Tujitazame. Mwimbaji wa kwaya ananunua mahindi kwa mkulima. Gunia la kawaida ni debe sita, yeye anashindilia na kushona lumbesa mpaka debe nane, halafu analipa bei ya gunia moja. Jumapili anatoa sadaka. Sadaka hiyo ametoa nani, yeye au mkulima? Mama mwingine ni kiongozi wa kikundi cha sala, lakini msichana anayemfanyia kazi nyumbani hajalipwa miezi minne. Baba mwingine anaomba sala nzuri kwenye matanga, huku ameshaanza kuhesabu mabati ya marehemu.

Na wapo wengi kuliko hao wote, nao ni sisi tunaoona na kunyamaza. Hatuibi. Tunaimba tu. Mimi nilikuwa katika kundi hilo.

Tufanye nini?

Sisemi watu waache kwenda kanisani. Mgonjwa hakatazwi kwenda hospitali eti kwa sababu hajapona. Nasema tupone. Nayaona mambo manne tunayoweza kuanza nayo.

Kwanza, someni wenyewe. Zamani mlisomewa, mkaambiwa maana. Sasa someni Mathayo sura ya 25, muone Yesu anasema siku ya mwisho watu wataulizwa nini. Hawaulizwi waliimba sauti gani. Wanaulizwa kama walimlisha mwenye njaa, na kama walimkaribisha mgeni.

Pili, usiweke dole wala sahihi kwenye karatasi usiyoisoma. Na kama mwenzako hajui kusoma, msomee neno kwa neno, hata kama aliyeileta ni mzee wa kanisa au mwalimu kama mimi. Hiyo nayo ni ibada.

Tatu, ukikosa, kiri na urudishe. Kuomba msamaha huku shamba la mtu bado unalilima wewe, huo si msamaha.

Nne, usiseme "ni mambo ya ukoo". Dhuluma si mali ya ukoo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mkirudi kwenye vikundi vyenu, jadilianeni maswali haya. Je, katika kijiji chetu yuko mjane au yatima aliyeondolewa katika shamba? Nani anajua habari hiyo na amenyamaza? Na sisi tunaojua kusoma sasa, tutamsaidia kwa njia gani?

Yule mama bado analima shamba lake. Mara ya mwisho nilipopita pale alinipa mkungu wa ndizi. Nilisita kuupokea. Akacheka, akaniambia, "Chukua mwalimu. Hizi nimekupa mwenyewe."