Tusimdanganye Mtoto Aendapo Hospitali



Iko desturi moja katika nyumba zetu ambayo yatupasa tuiache. Mtoto akilia huambiwa, "Nyamaza, nitamwita daktari akuchome sindano." Siku mtoto huyo huyo anapougua, huvishwa nguo safi akaambiwa kwamba anapelekwa kutembea. Kwanza tumemfundisha kuwa sindano ni adhabu, kisha tumemdanganya. Akipiga mayowe mbele ya muuguzi, kosa ni la nani?

Jambo hili si dogo. Mwaka 1952 huko Uingereza, Bwana James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa miaka 2 aliyelazwa siku 8 kwa upasuaji mdogo, mbali na mama yake. Hospitali za huko wakati ule ziliwabana wazazi, zikidhani kuwa mtoto aliyenyamaza ametulia. Filamu ile ilidhihirisha kuwa ukimya wake ulikuwa majonzi. Mwaka 1959 kamati ya Sir Harry Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao bila ya kuwekewa saa. Kwetu sisi, mama kukaa wodini na mwanawe ni jambo la kawaida. Mama yupo, kinachokosekana ni ukweli.

Basi tufanyeje? Mtoto mdogo aambiwe siku moja au mbili kabla, asije akakaa na hofu muda mrefu. Aliye mkubwa aambiwe mapema zaidi, apate kuuliza. Aambiwe hivi: "Sindano itauma kidogo, kisha maumivu yatapita. Ruhusa kulia, lakini mkono usiutikise." Anayekwenda kupasuliwa aelezwe kwamba atapewa dawa ya usingizi asisikie maumivu, na kwamba baadaye ataamka. Aelezwe pia kwa nini ananyimwa chakula asubuhi ile.

Walimu nanyi mnayo sehemu yenu. Tangu mwaka 2018 wasichana nchini Tanzania hupewa chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, na wengi huipata shuleni. Mwalimu anayetishia darasa kwa sindano asubuhi huivuruga kazi ya muuguzi mchana.

Ndugu zangu, njia ya mwongo ni fupi. Mtoto aliyedanganywa leo, kesho atayaficha maumivu yake ili asipelekwe hospitali. Nasi tutayajua wakati dawa imechelewa.