Kiswahili na Wavu wa Pembetatu: Ardhi ya Mitundu ndani ya Kompyuta

Mitundu ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Itigi, mkoani Singida, kusini mwa Reli ya Kati, kwenye barabara itokayo Itigi kuelekea Rungwa na hatimaye Mbeya. Ni nchi ya uwanda wa juu isiyo na milima ya kutajika. Upande wa Itigi vimeenea vichaka vizito ambavyo wanabotania wa dunia huvijua kwa jina la mji huo, vyenye kimo cha mita 3 hadi 5, vinavyopukutisha majani wakati wa kiangazi. Penginepo ni miombo, na miongoni mwa miti yake umo ule ambao Wanyamwezi huuita mtundu. Mvua ni ya msimu mmoja, na maji yake hupita polepole katika mbuga pana ambazo mgeni aweza kuzivuka asijue kwamba amevuka njia ya maji. Mchungaji wa mahali hapo hujua.

Mnamo Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada mwinuko wa nchi kavu, na uwanda huu ulipimwa pamoja na sehemu nyingine za dunia. Vipimo vya Afrika vyenye hatua ya takribani mita 30 vilifunguliwa kwa umma mwaka 2014. Kila kipande cha digrii moja ya mraba ni faili lenye safu 3,601 kwa 3,601 za namba, yaani vimo 12,967,201. Kila kimo huchukua baiti 2, hivyo faili zima halifiki megabaiti 26. Mwanafunzi mwenye simu ya kawaida anaweza kulipokea.

Namba hizo si sura ya ardhi bado. Ili zionekane, programu ya taswira za kisayansi, mathalani ParaView, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 2000 na kampuni ya Kitware na maabara ya taifa ya Los Alamos, huunganisha kila kimo na jirani zake kwa pembetatu. Hapa ndipo mtaalamu wa istilahi anapoitwa kazini. Umbo hilo la pembetatu zilizoshikana huitwaje kwa Kiswahili? Neno lililo karibu ni wavu, na lina sifa ya kuwa tayari limezaa wavuti katika lugha ya kompyuta. Hata hivyo, mvuvi wa Kiswahili akitaja wavu hutazama matundu yake: sheria za uvuvi hukataza nyavu zenye matundu madogo, na samaki hupona kwa ukubwa wa tundu. Katika kompyuta mambo ni kinyume. Pembetatu zimejazwa, na tundu ni kasoro. Kwa maana hiyo mkeka ungefaa zaidi, kwa kuwa mkeka mzuri haupitishi mchanga. Lakini mkeka hauna mafundo, na fundo ndilo linalohitajika sana. Ile ncha ambapo pembetatu kadhaa hukutana ni fundo hasa, na uzi kati ya fundo na fundo ni ukingo wa pembetatu. Wapo wanaopendekeza kipeo. Pendekezo hilo lina dosari, maana mwanafunzi wa shule ya msingi amekwisha kufundishwa kwamba kipeo ni ile namba ndogo inayoandikwa juu ya nyingine. Wavu na fundo, basi, hata kama matundu yatabaki kumsumbua mvuvi.

Ugumu wa pili ni wa hesabu. Kipande kimoja cha digrii moja huzaa pembetatu 25,920,000. Zikiandikwa katika faili la aina ya STL, lililobuniwa mwaka 1987 kwa ajili ya mashine za kuchapa maumbo, kila pembetatu huchukua baiti 50, na kila moja huandika upya mafundo yake matatu kana kwamba haina jirani. Jumla ni takribani gigabaiti 1.3. Ardhi ni ileile, namba ni zilezile, lakini faili limekua mara 50. Aidha, aina hiyo haina mahali rasmi pa kuandika kipimo: anayelipokea hajui kama namba ni mita au milimita.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa kusini mwa ikweta. Wapimaji wa eneo hili hutumia mfumo wa mita ambao kwa upande wa kusini huhesabu ikweta kuwa 10,000,000, ili namba zisiwe hasi. Mitundu iko karibu na 9,300,000. Namba za STL zina nafasi ya tarakimu chache, na zikipita 8,388,608 haziwezi tena kutofautisha chini ya mita moja. Fundo lililopimwa kwa sentimita husukumwa hadi mita iliyo karibu. Dawa ni kutoa kwanza namba ya asili, sehemu zibaki ndogo, na kuandika mahali fulani kwamba imetolewa. Asipoandika, aliye Itigi hataunganisha ramani yake na ya Mitundu.

Kwa sababu hizo kazi hufanywa kwa hati ya amri, si kwa kubofya. Hati ni maandishi mafupi ya lugha ya Python yanayoiambia programu: soma faili, inua vimo, toa asili, geuza kuwa pembetatu, punguza, hifadhi. ParaView yaweza hata kuandika hati hiyo yenyewe huku ikimtazama mtumiaji akibofya. Mpangilio una maana, kwa kuwa amri ya kupunguza hupokea pembetatu tupu na hukataa umbo jingine.

Amri hiyo ya kupunguza ndiyo yenye hatari. Ikiachwa kama ilivyo, hulenga kuondoa asilimia 90 ya pembetatu, na huanza na mafundo yaliyo karibu zaidi na bapa la majirani zake. Kwa nchi ya milima ni busara, kwa kuwa kilele hubaki na uwanda hupungua. Kwa Mitundu kila kitu ni uwanda. Mbuga inayoshuka mita mbili au tatu ni ya kwanza kufutwa, na picha inayotoka ni laini na ya kupendeza, isiyo na njia ya maji. Mtu akichagua mahali pa lambo kwa picha hiyo, atachimba pasipofika maji.

Inafaa kukiri kwamba rada yenyewe haikuahidi mengi. Kosa lililoruhusiwa la kimo lilikuwa mita 16, na mahali penye vichaka rada husoma zaidi majani kuliko udongo, hata ukingo wa kichaka waweza kuonekana kama ngazi ya ardhi. Hivyo si kila mfereji mdogo katika wavu ni mfereji. Ni nani wa kutenganisha maji na kelele? Programu haiwezi, na mtaalamu aliye mbali haiwezi pia. Anayeweza ni yule mchungaji, na yeye husema Kiswahili, pengine na Kinyamwezi, Kikimbu au Kinyaturu nyumbani. Mwongozo wa programu uko kwa Kiingereza, nao watoto wake hukutana na lugha hiyo kama lugha ya kufundishia wanapoingia sekondari.

Python humruhusu mwandishi kuchagua majina yake. Wavu, fundo, mbuga na kichaka huingia katika hati bila shida yoyote, kwa kuwa Kiswahili hakihitaji herufi za ziada. Tatizo hujitokeza kwa ng'ombe: king'ong'o chake huandikwa kwa alama ambayo Python huifahamu kuwa mwanzo wa maneno yaliyonukuliwa, na hati nzima hukwama. Huandikwa ngombe, na wafugaji wavumilie.

Tena, kila mstari unaoanza na alama ya reli, ileile inayofunga namba za kutuma fedha kwa simu, hurukwa na kompyuta na kusomwa na binadamu peke yake. Hapo panaweza kuandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka: asili iliyotolewa ni namba hii, kipimo ni mita, ukingo wa kipande usiguswe wakati wa kupunguza, la sivyo kipande cha jirani kitaachana nacho na kuacha tundu, mbuga ya mashariki imethibitishwa na wenyeji, isipunguzwe.